Jim Thorpe: Gwiji aliyepokonywa dhahabu kwa sababu ya vijisenti

Kuna picha moja ya zamani ambayo huwa naitazama kila nikihisi maisha yamenikalia vibaya. Ilipigwa mwaka wa 1912 mjini Stockholm, Uswidi. Kijana mwenye kifua kipana amesimama akiwa na nguo za riadha, hana tabasamu. Ukiipitia haraka utaona mwanariadha tu wa kale. Sasa teremsha macho hadi miguuni. Soksi hazifanani. Viatu navyo si jozi moja.

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba viatu vyake viliibwa kabla ya mashindano ya Olimpiki. Akatafuta hapa na pale, akapata viwili tofauti, kimoja kikiwa kikubwa kuliko mguu wake, ndiyo maana akavaa soksi nzito upande mmoja ili kisimtoke. Akaingia uwanjani hivyo hivyo. Akawachapa wote.

Jamaa huyo ni Jim Thorpe. Wengi wetu tunaijua NFL kwa sababu ya Super Bowl, ile fainali ambayo ukitaka kuiona moja kwa moja hapa Kenya lazima ukeshe hadi saa nane na nusu usiku. Lakini ni wachache wanaojua kwamba ligi hiyo tajiri ilipoanzishwa, rais wake wa kwanza alikuwa mchezaji huyu, mwana wa wenyeji asilia wa Marekani. Na ni wachache zaidi wanaojua alivyoishia.

Mtoto wa njia angavu

Thorpe alizaliwa Mei 1887, ingawa kuna rekodi zinazosema 1888, karibu na mji wa Prague katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Wakati huo liliitwa Eneo la Wahindi, yaani mahali ambapo serikali ya Marekani ilikuwa imewasukuma wenyeji wa makabila mbalimbali baada ya kuwafurusha kwenye ardhi zao. Familia yake ilikuwa ya jamii ya Sac na Fox. Jina lake la nyumbani lilikuwa Wa-Tho-Huk, ambalo hutafsiriwa kama Njia Angavu.

Njia yenyewe lakini ilijaa giza mapema. Alikuwa na pacha wake, Charlie, na walikuwa kama kumbikumbi, huwezi kumwona mmoja bila mwingine. Charlie alikufa kwa ugonjwa wa mapafu wakiwa na umri wa miaka tisa hivi. Baada ya hapo Jim hakutaka tena shule. Alikuwa akipelekwa, anatoroka. Anarudishwa, anatoroka. Babake, Hiram, akaona dawa ni kumpeleka mbali, akamtuma shule ya Haskell katika jimbo la Kansas. Huko nako hakudumu.

Kisha mama yake, Charlotte, akafariki baada ya matatizo ya uzazi. Mwaka wa 1904 Jim alipelekwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, safari ndefu mno kutoka nyumbani, na muda mfupi tu baadaye babake naye akaaga. Kabla hajafikisha miaka 18, kijana alikuwa yatima kamili.

Shule ya kufuta kabila

Hebu tusimame kidogo hapa Carlisle, kwa sababu bila kuielewa shule hii huwezi kumwelewa Thorpe.

Ilifunguliwa mwaka wa 1879 na afisa wa jeshi aliyeitwa Richard Henry Pratt. Lengo lake halikufichwa: kuwachukua watoto wa wenyeji asilia na kuwatoa uasilia wote, wabaki kama Wazungu wenye ngozi tofauti. Ukifika unanyolewa nywele. Unapewa jina jipya kama huna la Kizungu. Unavalishwa sare kama za wanajeshi. Lugha ya mama ni marufuku. Babu zetu waliovalishwa kile kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani shuleni wataielewa hii kesi bila kuelezwa sana.

Wanafunzi pia walikuwa wakitumwa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Thorpe naye alipitia hiyo, vibarua vya shambani kwa malipo kidogo.

Siku moja mwaka wa 1907, akiwa amevaa nguo za kazi, alipita karibu na uwanja akaona vijana wa timu ya riadha wakihangaika kuruka juu. Kamba ilikuwa kwenye urefu wa kama mita 1.75. Wote walikuwa wameshindwa. Thorpe akaomba ajaribu. Akaruka na suruali yake ya kazi, akavuka, akaendelea na shughuli zake. Kesho yake akaitwa na kocha, Glenn Warner, aliyejulikana kwa jina la utani la Pop. Jim alidhani amefanya kosa. Kumbe amepata timu.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye futiboli ya Kimarekani. Kwa asiyeijua, hebu fikiria raga, lakini wachezaji wanaruhusiwa kumzuia hata yule asiye na mpira, na kila baada ya mtu kuangushwa mchezo unasimama na kupangwa upya. Enzi hizo helmeti ilikuwa kofia tu ya ngozi, na kuna waliocheza bila chochote kichwani. Watu walikuwa wakifa uwanjani. Ndiyo maana Warner alisita kumwachilia mwanariadha wake bora aingie humo avunjwe mguu. Mwishowe akampa mpira mazoezini akidhani mabeki watamtia adabu. Thorpe akawapita kama wamesimama. Akarudia tena. Mjadala ukaisha.

Mwaka wa 1911, Carlisle, shule ya watoto waliodhaniwa hawana kitu, ilicheza na Harvard, chuo cha matajiri na mojawapo ya timu kali zaidi nchini. Thorpe aliingia mguu ukiwa umefungwa bandeji. Alipiga mikwaju minne iliyopita katikati ya milingoti na kufunga mguso mmoja. Matokeo yakawa 18-15, Harvard chini.

Mwaka uliofuata walienda West Point kucheza na timu ya chuo cha jeshi. Fikiria uzito wa mechi hiyo. Hawa ni watoto na wajukuu wa watu waliopigwa risasi na jeshi hilo hilo la Marekani, sasa wanakutana na makadeti wake uwanjani, mpira ukiwa silaha pekee. Carlisle ilishinda 27-6. Kati ya makadeti walioshindwa kumkamata Thorpe siku hiyo alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Dwight Eisenhower, ambaye baadaye alikuwa jenerali, kisha rais wa Marekani.

Stockholm

Katikati ya mechi hizo mbili ndipo ilipokuja Olimpiki ya 1912.

Thorpe aliandikishwa kwenye mashindano mawili ambayo ni mateso matupu: pentathloni, yenye michezo mitano, na dekathloni, yenye michezo kumi. Hapa huwezi kujificha nyuma ya kipaji kimoja. Lazima ukimbie mbio fupi na ndefu, uruke, urushe mkuki, utupe kisahani.

Kwenye pentathloni alishinda michezo minne kati ya mitano. Ule wa tano, wa mkuki, alimaliza wa tatu. Kwenye dekathloni alizoa pointi 8,412, karibu pointi 700 mbele ya Hugo Wieslander wa Uswidi aliyemfuata. Mbio za mita 1,500, za mwisho kabisa wakati miguu imeshakufa ganzi, alizikimbia kwa dakika 4 na sekunde 40.1. Kando ya hayo alishiriki kuruka juu akawa wa nne, na kuruka umbali akawa wa saba. Yaani hiyo ilikuwa kazi ya ziada tu.

Inasemekana Mfalme Gustaf wa Tano wa Uswidi alipomkabidhi zawadi alimsifu kuwa mwanariadha bora zaidi duniani, na Thorpe, mtu wa maneno machache, akashukuru kama mtu aliyepewa chai. Aliporudi Marekani, jiji la New York lilimwandalia gwaride, watu wakifurika mitaani.

Kumbuka hapo kwamba wenyeji wengi wa asili walikuwa bado hawatambuliwi kama raia wa Marekani. Sheria ya kuwapa wote uraia ilikuja mwaka wa 1924. Nchi ilikuwa ikishangilia medali za watu ambao haikuwa imekubali kuwaita wake.

Vijisenti vilivyoleta balaa

Sasa ingia mwaka wa 1913, mwezi Januari. Gazeti moja la Massachusetts likachapisha habari kwamba Thorpe alikuwa amewahi kulipwa kucheza besiboli.

Ni kweli. Mwaka wa 1909 aliondoka Carlisle akaenda North Carolina, akacheza katika ligi ndogo huko kwa misimu miwili, akiwa na timu ya Rocky Mount kwanza. Malipo yalikuwa kidogo. Kuna wanaosema dola mbili kwa mechi, wengine wanasema hadi dola 35 kwa wiki. Pesa ya kula na ya kulala.

Shida ni kwamba Olimpiki wakati huo ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Ukishalipwa hata senti kwa mchezo wowote, basi wewe ni wa kulipwa, na hutakiwi. Sheria ilionekana safi kwenye karatasi. Lakini jiulize, ni nani anayeweza kufanya mazoezi mwaka mzima bila kuhitaji malipo? Ni mtoto wa tajiri. Yatima wa Oklahoma atakula nini?

Na hapa ndipo huwa napandwa na hasira. Vijana wengi wa vyuo vya Wazungu walikuwa wakicheza besiboli ya kulipwa msimu wa joto, ila walitumia majina bandia. Kila mtu alijua. Thorpe alicheza kwa jina lake halisi. Kosa lake kubwa likawa kutojua kudanganya.

Barua ikaandikwa kwa jina lake, akieleza kuwa alikuwa mwanafunzi tu wa shule ya wenyeji asilia, hakujua sheria hizo, na hakucheza kwa tamaa ya pesa. Haikusaidia. Kocha Warner alisema hakujua lolote kuhusu besiboli hiyo, jambo ambalo watafiti wengi wanaona ni vigumu kuliamini. Wakubwa wa michezo Marekani wakajiosha mikono, rekodi za Thorpe zikafutwa, medali zikarudishwa Ulaya. Dhahabu ya pentathloni akapewa Ferdinand Bie wa Norway, na ya dekathloni Wieslander, ambaye mwenyewe hakuwahi kukubali kwamba ni yake.

Kanuni za michezo ile zilisema malalamishi yoyote kuhusu mshindi yawasilishwe ndani ya siku 30 baada ya michezo kufungwa. Haya yalikuja kama miezi sita baadaye. Kwa sheria zao wenyewe, kesi ilikuwa imeshakufa. Hakuna aliyefungua kitabu. Mnyonge akishaanguka, nani atasumbuka kusoma sheria?

Rais wa ligi kwenye duka la magari

Thorpe hakuketi chini kulia. Walimwita mchezaji wa kulipwa, basi akaenda kulipwa kweli. Mwaka huo huo wa 1913 alisajiliwa na timu ya besiboli ya New York Giants, na akacheza ligi kuu hadi 1919. Msimu wake wa mwisho, akiwa Boston, alikuwa na wastani wa .327, ambao mchezaji yeyote wa besiboli angejivunia.

Lakini futiboli ndiyo iliyomfanya jagina. Mwaka wa 1915 timu ya Canton Bulldogs ya jimbo la Ohio ilimpa dola 250 kwa mechi, pesa ambazo siku hizo zilionekana wazimu. Akaileta mikoba ya ushindi: ubingwa wa 1916, 1917 na 1919.

Septemba 1920, wenye timu kadhaa walikutana mjini Canton kwenye duka la kuuzia magari la Ralph Hay, mmiliki wa Bulldogs. Viti havikutosha, wengine wakaketi kwenye ngazi za magari yenyewe. Hapo ndipo ligi ilipozaliwa. Walihitaji jina ambalo lingefanya watu wawachukulie kwa uzito, wakamchagua Thorpe kuwa rais, huku akiendelea kucheza. Alikuwa rais kwa muda mfupi, kazi ya ofisi haikuwa yake. Mwaka wa 1922 ligi ikabadilisha jina kuwa NFL. Leo ina timu 32 na mabilioni ya dola.

Mwaka huo huo alijiunga na Oorang Indians, timu ya wenyeji asilia watupu kutoka mji mdogo wa LaRue, Ohio. Mmiliki, Walter Lingo, alikuwa mfugaji wa mbwa na timu ilikuwa tangazo la mbwa wake. Wakati wa mapumziko, badala ya kupumzika, wachezaji walitumbuiza mashabiki kwa ngoma na maonyesho pamoja na mbwa. Bingwa wa Olimpiki, rais wa zamani wa ligi, akigeuzwa kibonzo cha kuuzia mbwa. Ilidumu misimu miwili.

Thorpe aliendelea kuhama timu hadi 1928, alipocheza mara ya mwisho na Chicago Cardinals akiwa na miaka 41.

Maisha baada ya makofi

Sitampaka asali. Thorpe alikunywa pombe sana, na pombe ilimharibia mengi. Alioa mara tatu. Alikuwa na watoto wanane, na mzaliwa wake wa kwanza wa kiume alifariki akiwa mdogo, pigo ambalo waliomjua walisema halikumtoka kamwe. Alikuwa baba asiyeonekana nyumbani kwa miaka mingi.

Kisha uchumi wa dunia ukaporomoka. Mtu aliyekuwa akilipwa dola 250 kwa mechi akaonekana Los Angeles akichimba mitaro kwa sururu. Akafanya kazi Hollywood kama mwigizaji wa pembeni, yule anayeonekana kwa sekunde mbili kisha anaanguka kutoka juu ya farasi. Hata huko alipigania wenyeji asilia wapewe nafasi za kuigiza wenyeji, badala ya Wazungu waliopakwa rangi.

Mwaka wa 1932 Olimpiki ikaja Los Angeles, mjini kwake kabisa, na hakuwa na pesa ya tiketi. Habari zilipomfikia Makamu wa Rais Charles Curtis, ambaye naye alikuwa na damu ya wenyeji asilia, akamwalika aketi naye. Umati ulipomtambua, ulisimama ukampigia makofi. Halafu michezo ikaisha, akarudi kutafuta kibarua.

Mwaka wa 1950 waandishi wa michezo walipiga kura kupitia shirika la habari la Associated Press kumtafuta mwanamichezo bora wa nusu ya kwanza ya karne. Thorpe akashinda. Mwaka uliofuata filamu kuhusu maisha yake ikatoka, Burt Lancaster akiigiza kama yeye. Mwaka huo huo wa filamu, Thorpe alilazwa na saratani ya mdomo, akitibiwa kama maskini asiyeweza kulipa.

Alifariki Machi 28, 1953, kwa mshtuko wa moyo, akiwa katika nyumba ya trela aliyokuwa akiishi Lomita, California. Miezi miwili kabla ya hapo, yule kadeti wa West Point, Eisenhower, alikuwa ameapishwa kuwa rais.

Hata kaburi

Ungedhani basi, apumzike. Wapi! Jamaa zake wa Sac na Fox walikuwa wameanza mila za mazishi Oklahoma wakati mjane wake, mke wa tatu, alipofika na kuuchukua mwili. Huko Pennsylvania vijiji viwili vilivyokuwa vikisota kiuchumi vilikubali kuungana, kubadilisha jina na kuitwa Jim Thorpe, ili wapewe mwili na wavutie watalii. Mpaka leo amelala kwenye mji wenye jina lake ambao hakuwahi kuishi. Wanawe walienda mahakamani kutaka arudishwe kwao. Walishinda mwaka wa 2013, wakashindwa katika rufaa 2014, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi 2015.

Angalau medali zilirudi. Mtafiti Florence Ridlon, mkewe Robert Wheeler aliyeandika maisha ya Thorpe, ndiye aliyekipata kile kijitabu cha kanuni za 1912 kilichotaja siku 30. Oktoba 1982 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakubali, na Januari 1983 watoto wake wakakabidhiwa medali mpya. Lakini hata hapo wakamwandika kama mshindi mwenza. Ilibidi kusubiri hadi Julai 2022, miaka 110 baada ya Stockholm, ndipo akatambuliwa kuwa bingwa pekee. Mwaka wa 2024 akapewa nishani ya juu zaidi ya kiraia Marekani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wahenga walisema. Hawakusema mngoje afe kwanza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, na najua vile watu hukutazama wakishakuwekea alama. Kuna fomu ambazo bado huniuliza nilimaliza wapi, na hakuna kisanduku cha kueleza kwa nini sikumaliza. Sijifananishi na Thorpe, sina hata kiatu kimoja chake. Ila kila nikiitazama ile picha ya Stockholm, najiambia kwamba siku hiyo hakungoja mtu amletee jozi iliyokamilika. Alifunga kamba za vile alivyopata, akaenda kwenye mstari.